Pumzi za Kobe

4 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naandika nikiamini barua hii itakukuta mzima, na kwamba masikio hayajazidi kuwa mabaya kuliko ulivyosema mwaka jana. Simu nimeacha kukupigia, maana mara ya mwisho nilisema "umeamkaje" ukanijibu "bei gani?"

Sisi huku tupo. Shangazi anakusalimu. Goti lake bado linatabiri mvua na bado linakosea, ila akiambiwa hivyo ananuna. Mimi niko palepale kwenye kinu cha unga, napima magunia yakiingia na yakitoka. Kaburi la Baba limejengewa mwezi uliopita. Kazi safi, pembe zote sawa, nilizipima mwenyewe. Barabara zilikuwa mbaya wakati wa mazishi, uliandika, nasi tulielewa.

Sasa nije kwenye shida yangu. Ni Kobe. Shangazi anasema ni utoto kuliita gari jina la mnyama, hata kama lina vitanda viwili na jiko ndani yake, lakini jina mlimpa wewe na Baba, mimi nimerithi tu.

Mwenye uwanja anataka kujenga. Amesema ikifika mwisho wa Juni Kobe bado yupo, atamwita mkata vyuma. Sina la kumlaumu, amevumilia miaka mingi. Lakini mimi sitaki Kobe akatwe. Humo ndimo Baba alimoishi, alimofanyia kazi na alimofia. Cherehani za wateja bado zimepangwa chini ya meza. Nataka atoke kwa magurudumu yake.

Injini nimeiamsha, ilikohoa ikakubali. Kinachomshinda ni kuinuka. Kama unavyojua, nyuma hana springi za chuma, anakalia mifuko miwili ya mpira yenye hewa, mmoja kila upande. Sasa mifuko ni mitupu na yeye amekaa chini kama mbwa, mwili umelalia magurudumu. Na mifuko ni mitupu kwa sababu kompresa haipo. Nimefungua sanduku la nyuma inapotakiwa kuwa. Kuna matundu manne ya boliti, na katikati kipande cha rangi mpya isiyopauka, kama ukutani palipotolewa picha. Zamani kila nilipomwambia Baba tununue nyingine alijibu, "Ipo. Itarudi." Nikadhani ni maneno ya uzee.

Muuza spea amenionyesha tatu. Moja ndogo ya kujazia magurudumu ya gari dogo, inalia kama nyuki kwenye kopo. Ya pili ni ya kati, haitumii oili, ina tangi lake dogo. Ya tatu ni ya silinda mbili, inatumia oili, ni nzito kama jiwe la kusagia. Wewe ndiye mtu wa kompresa katika ukoo huu. Nichukue ipi? Na ile ya mwanzo ilikuwa ya aina gani, nifuate hiyohiyo?

Ni mimi,
Binti yako


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linaugua. Ukikaa na kompresa za friji umri wako wote, ndio mshahara wake. Juzi muuza nyama kaniletea friji, anasema linalia, eti nisikilize. Nikaweka kiganja. Siku hizi nasikia kwa mkono, na mkono haudanganyi kama sikio. Nikamwambia shida yake ni mguu mmoja mfupi. Akacheka, akafikiri namsema yeye, maana naye anachechemea.

Mwambie Shangazi yako nami goti limeanza. Tutafungua ofisi ya hali ya hewa.

Kuhusu kompresa. Watu wengi huuliza inajaza kwa kasi gani. Hilo ni swali la mwenye haraka. Gari lililosimama linajazwa mara moja, baada ya hapo kazi ya kompresa ni kurudisha kinachotoka. Kwa hiyo kompresa huchaguliwa kwa kinachopotea. Ujue kwanza Kobe anapoteza kiasi gani tangu jioni mpaka asubuhi.

Tafuta mtu wa pancha mwenye kompresa yake, ajaze tangi la hewa la Kobe na mifuko. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Penye povu linalovimba, hapo panavuja, kaza. Karibu na usukani kuna geji tatu: ya tangi, ya mfuko wa kushoto na ya mfuko wa kulia. Zisome jioni, funga mlango, zisome asubuhi. Ikiwa tangi halishuki sana, ya kati inatosha. Ile ndogo ya nyuki ni ya kuchezea, ikifanya kazi dakika kumi inataka kupumzika nusu saa, usipoipumzisha inaungua. Ile kubwa itakula betri. Yoyote utakayochukua, nunua waya mnene. Waya mwembamba utakuchomea gari. Na ufungue maji chini ya tangi kila wiki, hewa ina maji, watu husahau.

Salimia wote.

Baba Mdogo wako


18 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo, na ahsante kwa mafunzo. Nimemsomea Shangazi ile ya ofisi ya hali ya hewa, akasema wewe tangu utotoni ulikuwa unaugua kwa kuiga. Kinu kimepata mashine mpya ya kuchekecha na sote tumekuwa weupe kama mizimu mpaka kwenye kope.

Nilimleta mtu wa pancha wa njia panda, yule wanayemwita Mapafu. Alivuta bomba lake mpaka uwanjani, akafungua, na Kobe akainuka. Ungemwona! Alipanda polepole, upande mmoja kisha mwingine, akilia kwenye maungo, mpaka akasimama sawa. Mapafu akampiga mgongoni akasema, "Mzee kaamka." Nikamwambia asiseme hivyo mbele ya Shangazi.

Tulipaka sabuni kila mahali. Viungo viwili vilivuja, tukavikaza. Baada ya hapo hapakuwa na povu hata moja. Jioni tangi lilikuwa limejaa, geji za kushoto na kulia zikiwa sawasawa. Nikafunga mlango. Ufunguo ni mmoja tu, ninao mimi, na mimi nalala nyumbani kwa Shangazi.

Asubuhi, kabla ya kufungua, nilichungulia geji kupitia dirisha la usukani. Tangi lilikuwa limeshuka karibu nusu. Kushoto palikuwa vilevile. Kulia palikuwa pamepanda.

Nikasema ni joto. Lakini jua lilikuwa halijatoka. Nikamwita Mapafu, tukajaza tena, tukapaka sabuni tena, hakuna. Asubuhi yake ikawa hivyohivyo: tangi chini, kulia juu. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kila upande una vali yake. Mzigo ukiongezeka upande mmoja, vali ya hapo inachota hewa ya tangi na kuusukuma mfuko mpaka gari linyooke. Mzigo ukiondoka, vali inaitoa ile hewa nje. Kwa maneno mengine, geji inasema kwamba wakati nimefunga, upande wa kulia unapata mzigo.

Kitu kingine. Nikifungua mlango tu, kabla sijapanda, vali ya kulia inatoa hewa. Shiii, ndefu, kama mtu aliyebana pumzi akaishusha. Ninapofika kwenye geji, kulia na kushoto ziko sawa tena.

Nilimweleza Shangazi. Akasema, "Magari hayahemi. Wanaohema ni watu." Akaendelea kuchambua mchele.

Upande wa kulia ndiko kiliko kitanda chako. Godoro lako bado lipo, Baba hakuruhusu mtu kuweka kitu juu yake.

Hiki kinachopotea nikihesabuje? Na hukuniambia ile ya mwanzo ilikuwa ya aina gani.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Geji za zamani hudanganya. Badilisha geji. Kisha nunua ile ya nyuki, mjaze Kobe mara moja, mpeleke umpe mtu anayetaka, umalize. Gari lenyewe ni bovu, usilipotezee ujana.

Usilale humo.

Baba Mdogo wako

Upande wa kulia, umesema? Una hakika?


24 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu sote wazima. Barua yako ilikuwa fupi mpaka Shangazi akaigeuza kutafuta ukurasa wa pili.

Nina hakika. Nilizihamisha geji, ya kushoto nikaiweka kulia na ya kulia kushoto. Kilichopanda ni upande wa kulia vilevile. Kwa hiyo geji ni nzima zote mbili.

Usinicheke kwa nitakayoyaandika sasa. Kazi yangu ni mizani, na nilichokigundua ni kwamba Kobe mwenyewe ni mizani. Nikaazima magunia ya unga kinuni, Mapafu akanisaidia kuyabeba, tukayapanga juu ya kitanda chako moja baada ya jingine, na kila moja nikatia alama ya chaki kwenye kioo cha geji. Mapafu akauliza, "Sasa unga ukilala kitandani, wewe utalala kwenye kinu?" Kisha tukayatoa, nikalala mimi, tukatia alama yangu. Akalala Mapafu, tukatia yake.

Asubuhi iliyofuata sindano ilikuwa imenipita mimi na haijamfikia Mapafu. Ni mtu mzima, mrefu, asiye mnene. Baba alipokuwa anamalizika nilikuwa namnyanyua kwa mkono mmoja, unajua. Siye huyo. Lakini yule wa kwenye picha mliyopiga mmeegemea mlango wa Kobe, ndiye.

Tangu hapo nimeanza kubisha hodi. Sikupanga, mkono ulibisha wenyewe. Siku ya kwanza hewa ikatoka kabla sijatia ufunguo.

Shangazi alipoona nabisha hodi bila kujificha, alivaa viatu akaja. Alipanda ngazi akiguna, akakaa kwenye kitanda cha Baba upande wa kushoto, akakitazama chako, akasema kwa sauti ya kumkemea mtoto: "Kama ni wewe, hicho si kitanda chako. Kitanda chako ni hiki nilichokalia. Hamia huku." Mimi nilikuwa kwenye usukani natazama geji. Siku hiyo hewa haikuwa imetoka tulipofungua, na ya kulia haikushuka. Shangazi akasubiri, akanyanyuka. "Ndivyo baba yako alivyokuwa," akaniambia nje. "Kila jioni akishafunga cherehani alikuwa anakalia kitanda cha mdogo wake, uso mlangoni. Ukimuuliza anasema anapunga upepo. Upepo gani, dirisha lenyewe liko upande mwingine?"

Sijamuuliza zaidi. Nakuandikia wewe.

Kuhusu ile ya nyuki: haiwezi. Nimepiga hesabu kwa maelezo yako mwenyewe. Itawaka, itataka kupumzika, na yeye hatakuwa amemaliza kukaa. Itaungua ndani ya wiki moja, Kobe atashuka, na aliyekaa atajikuta chini. Hilo sitaki kulifanya.

Mwenye uwanja amesogeza siku. Sasa ni katikati ya Juni. Nakuuliza mara ya tatu, kwa heshima: pale kwenye matundu manne palikuwa na nini?

Binti yako


20 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimemuuliza dereva wa lori anayetubebea barua, akasema alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaingia ndani, hata chai hukumkaribisha. Kwa hiyo najua umesoma. Shangazi anaumwa kidogo, kifua tu, usiogope.

Jana alikuja mkata vyuma. Mchana, watu wapo. Alimzunguka Kobe akimgonga kwa nyundo, kisha akatoa chaki akachora mstari wa kukatia, kuanzia paani mpaka chini. Mstari umepita katikati ya kitanda chako. Alikuwa anatania na Mapafu: "Nusu yako, nusu yangu, kichwa tunampa mwenye uwanja."

Hajamaliza kucheka, vali ya kulia ikafunguka. Haikuwa ile shiii ya asubuhi. Ilitoa kila kitu. Tangi, mifuko yote miwili, hewa yote ilitoka mpaka vumbi likaruka chini ya gari, na Kobe akashuka, akashuka, akalala. Mkata vyuma akatazama chaki mkononi mwake kama kitu alichoazimwa. Akasema atarudi na mwenzake. Mapafu amesema yeye bomba lake halileti tena, na Mapafu si mtu mwoga.

Mwisho wa mwezi nina ruhusa ya nusu siku. Nitaenda kwa muuza spea kununua, na nitanunua ile kubwa. Najua itakula betri. Kama una neno, hata moja, liandike. Nimechoka kuandikia ukuta.

Binti yako


23 Mei

Mwanangu,

Usinunue chochote. Nampa dereva kreti hii usiku huuhuu apitie kwako.

Ni ileile. Inatumia oili, nimeshaijaza, usiilaze ubavu. Boliti nne ziko kwenye mfuko wa kitambaa, ni zake zenyewe, usitie nyingine. Waya mwekundu kwenye betri kupitia fyuzi, mweusi kwenye bodi. Chini yake weka raba nilizokata, kelele zitapungua. Itafanya kazi muda wowote utakaotaka. Haichoki. Nimekuwa naiwasha kila mwezi, nikaibadilishia oili kila mwaka. Naijua kwa kiganja.

Usiniulize.

Kisha mlete Kobe huku, na ukifika usizime injini mpaka nitoke nje.

Baba Mdogo wako


5 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Kifua cha Shangazi kimepona, amerudia ukali wake. Barua hii inatangulia, sisi tunafuata.

Kreti ilifika salama. Nilivyoifungua niliona chuma kinang'aa kama kilitoka dukani juzi. Niliipeleka kwenye sanduku la nyuma, nikaiweka, matundu manne yakakutana na boliti nne bila kusukuma, na ikaziba kile kipande cha rangi mpya hata uzi usipite. Sikukuuliza kitu, na sikuulizi. Sanduku limeshajibu.

Nilipoiwasha, Shangazi alikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja, anaosha vyombo. Alitoka mikono ina povu. "Nani amerudi?" akauliza. Nikamwambia ni kompresa tu. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wake, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha ndipo akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mdogo alitaka wasimame, wafungue karakana mahali pamoja. Mkubwa alitaka waendelee kuzunguka miji, friji na cherehani, mpaka wazeeke. Wakagombana. Usiku, yule mdogo akaondoka na kitu kwenye gunia, na asubuhi Kobe alikuwa amekaa chini. Sasa ona: aliyetaka kwenda akasimama, na aliyetaka kusimama akaenda." Nikauliza kwa nini Baba hakununua nyingine, maana pesa haikuwa tatizo. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Angenunua nyingine, yule angerudi kuleta nini?"

Kobe ameinuka. Kushoto geji ilisimama pake. Kulia ilisimama, ikatulia kidogo, kisha ikapanda mpaka kwenye alama yake. Mchana kweupe, mlango wazi, mimi nikiwa ndani. Nilisema, "Karibu, Baba."

Nimemzungusha uwanjani kwa majaribio. Kwenye kila kona anainama kulia kidogo kisha anajinyoosha, kama ana abiria anayejishikilia. Shangazi atakaa mbele na mimi. Amesema hatageuka nyuma njia nzima, na nikisimama ghafla atanipiga.

Tunaondoka keshokutwa alfajiri. Tuko watatu.

Binti yako


30 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Tumefika nyumbani salama. Meneja wa kinu ameniruhusu kumweka Kobe nyuma ya ghala, kwenye zege, pako sawa kabisa. Uwanja wa zamani wameshachimba msingi. Mkata vyuma nilikutana naye sokoni, akavuka barabara.

Ahsante kwa mapokezi. Shangazi anasema umekonda na kwamba nyumba yako inataka mwanamke au ufagio, chagua mwenyewe.

Kuna jambo sikukwambia siku ile tulipofika kwako. Nilitaka, Shangazi akanikanyaga mguu.

Kama ulivyotaka, sikuzima injini. Ulikaa ndani muda mrefu mpaka nikadhani hutatoka. Kisha ukatoka na shati lililopigwa pasi. Ukaweka kiganja ubavuni mwa Kobe, upande wa nyuma, ukakiacha hapo. Midomo yako ilikuwa inatembea lakini sikusikia kitu. Halafu ukapanda, ukapita meza, ukafika kwenye vitanda. Hukukaa kwenye chako. Ulikaa kwenye cha Baba, ukaweka mikono magotini, ukabaki hivyo. Ulidhani mimi natazama barabara.

Nilikuwa natazama geji. Ulipokaa, ya kushoto ilipanda, uzito wako. Ya kulia ilikuwa kwenye alama yake. Mkawa mmekaa mkitazamana, kitanda kwa kitanda. Kompresa ikanguruma kidogo ikanyamaza.

Kisha ya kulia ikaanza kushuka. Haikushuka kwa kishindo. Shiii ndogo, kama mtu anayenyanyuka kwa kushika magoti. Ikashuka mpaka chini kabisa. Na ya kushoto, ambayo ilikuwa imetulia, ikapanda tena. Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa uzito wako na uzito mwingine juu yake, upande uleule, kitanda kilekile. Alikuja kukaa karibu yako, Baba Mdogo. Shangazi aliiona sindano ikienda. Aliyesema hatageuka aligeuka. Wewe ukasogea kidogo kama unavyompisha mtu kwenye benchi. Sijui kama ulijua umesogea.

Uliposhuka, kushoto kukawa kutupu. Kulia pia kutupu.

Tangu turudi, geji zote ziko sawa jioni na asubuhi. Tangi halishuki. Kompresa haiwaki kabisa usiku. Bado nabisha hodi nikifungua, lakini hakuna anayeshusha pumzi, kuna harufu ya mafuta ya cherehani tu. Nilivyoona hivyo mara ya kwanza nilikaa kwenye ngazi nikalia, ndipo nikaenda kazini.

Sasa nauliza swali la mtu wa mizani. Kompresa hii ni kubwa kuliko ninavyohitaji. Nikurudishie, mimi ninunue ile ya kati?

Binti yako


19 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba.

Ufagio nimenunua. Mwambie Shangazi yako hilo jingine bado nafikiria. Muuza nyama karudi, friji limepona, sasa anataka nimtibu na mguu.

Hilo uliloliona kwenye geji nimelisoma, nikaweka barua chini, nikaenda kunawa uso, nikarudi nikasoma tena. Ndiyo. Nilijua nimesogea.

Ninavyo vitanda viwili, kile cha chumba cha pili nilikuwa naweka spea juu yake. Spea nimezihamishia karakana. Nimetandika shuka. Jioni nikishafunga karakana nakaa kwenye changu, uso mlangoni, na nafsi yangu haina haraka. Ukuta wa katikati ni wa mbao. Juzi nilikuwa nimeweka kiganja juu yake, hivi tu, kama mtu anavyoweka mkono mezani, nikahisi kitu kinapanda na kushuka, polepole, kama pumzi za mtu anayelala vizuri. Nikatoa mkono. Na nikasikia. Kwa sikio la kushoto, mwanangu, lile lililokufa.

Kompresa usirudishe. Mahali pake ni kwenye yale matundu manne, na haitatoka tena. Wala usinunue ya kati. Nilikwambia mwanzo kwamba huchaguliwa kwa kinachopotea. Kwako hakuna kinachopotea tena. Kama kuna kilichopungua huko, usikitafute kwa sabuni. Kiko huku, kimefika.

Ukija, bisha hodi. Tutakufungulia.

Baba Mdogo wako